Harufu ya Tambuu kwenye Mashine ya Saba

Pakiti ilikuwa mpya. Fundi wa zamu ya mchana, aitwaye Lo, aliiweka mwenyewe Jumatatu: ya kijani, bisi za ladha ya nazi, tarehe ya mwisho bado miezi mitano. Alhamisi, Bi Fan Chiung-yi alipoishusha kutoka juu ya mashine ya saba, ndani mlikuwa na unga mweusi.

Usicheke. Pale Hsinchu, mji wa viwanda, kila mashine ya kutengeneza chipu za kompyuta ina pakiti yake ya kijani kichwani, ili iwe na adabu na isigome. Ya njano haiwekwi, iliyopitwa na tarehe haiwekwi, na mhandisi mwenye shahada tatu hathubutu kuila hata akifa njaa.

"Hii ya tatu, dada Fan," Lo alinong'ona. "Na kila siku saa nane na dakika kumi, nikija kutoa vipande vya mabamba ya chipu vilivyovunjika, kabla sijagusa mlango mashine inazimika. Kitufe chekundu kimebonyezwa. Mtu hayupo."

"Waya umelegea."

"Waya hautafuni tambuu. Husikii harufu?"

Aliisikia. Chumba kile hewa yake huchujwa usiku na mchana, watu huvaa suti nyeupe zinazoacha macho tu, hata manukato ni marufuku. Na bado palinuka tambuu na chokaa, karibu kabisa na bega lake.

"Sisikii kitu."

"Basi na pua yako imeshatia saini."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa saini ndiyo iliyokuwa kazi yake. Bi Fan alikuwa mkaguzi wa usalama wa mashine, na bila jina lake mashine haitoki kwenye kiwanda kinachoiunda. Miaka miwili nyuma aliletewa aina hii ikiwa mpya. Kanuni aliijua kwa moyo: fungua mlango wakati mkono wa chuma wa ndani unatembea, uone kwa macho yako umesimama. Siku ile mkono ulikuwa umelala, kuuamsha kungechukua dakika arobaini, na lori la bandarini lilikuwa linanguruma nje. Akafungua mlango, taa ikawa nyekundu, akaweka alama ya vema. Kumbe mlango ulikuwa umeunganishwa na taa tu, si na mkono. Mashine kumi na tisa zikatoka kwa alama hiyo moja.

Miezi minane baadaye Chiu A-sheng, fundi, mtafuna tambuu, baba wa mapacha, alifungua mashine ya saba, akaiona taa nyekundu, akaiamini, akaingiza kichwa. Ripoti ilisema: uzembe wa marehemu. Bi Fan aliisoma, akaelewa papo hapo kosa lilikuwa la nani, akanyamaza. Aibu ile ilikuwa inamla tangu siku hiyo.

Saa nane na dakika kumi alisimama kando ya Lo. Mkono wa chuma ulikuwa unakwenda na kurudi nyuma ya kioo, feni zinavuma juu, na Lo aliponyoosha mkono kuushika mlango ile harufu ikapanda hadi ikamjaa Bi Fan puani, kioo kikafanya ukungu kwa ndani, mahali pasipo na mtu wala pumzi, ukungu ukienda na kurudi taratibu kama wa mtu aliyekuwa amekimbia, kisha kile kitufe chekundu, mbele ya macho yao wote wawili, kikaanza kuzama polepole, kikisukumwa na kidole kisichoonekana, mpaka kikalia ka, na mashine nzima ikanyamaza.

"A-sheng," Lo alisema kwa sauti ndogo. "Kaka, sisi tumekukosea nini?"

Meneja Tseng hakuuliza aliyekosewa. Kila mashine ikizimika, mabamba yote ya ndani yalikuwa ya kutupwa, na wakubwa walikuwa wameanza kumpigia simu. Akamleta Mama Hsieh, mganga wa hekalu la jirani. Meza ikatandikwa kwenye uwanja wa magari: kuku mzima, bia, matunda, ubani. Ubani hauingii ndani, moshi ungeharibu kila kitu, kwa hiyo mganga alivalishwa suti nyeupe kama wengine, akaingia mikono mitupu. Aliweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho. Alipotoka alimvuta Bi Fan pembeni.

"Chakula hataki. Anasema fungua mlango mkono ukiwa unatembea, uandike ulichoona. Hana lingine."

Bi Fan alipiga hesabu haraka. Akiandika, mashine kumi na tisa zitazimwa nchi nzima, leseni yake itachukuliwa, na jina lake litatajwa mbele ya mjane wa A-sheng.

"Anasemaje?" Tseng aliuliza.

"Hasemi kitu," Bi Fan alijibu. "Mfukuzeni."

Mganga alimtazama sana. "Mwanangu, huyu hajaja kudhuru mtu."

"Mama, mfukuze."

A-sheng akafukuzwa. Kule uwanjani kengele ikalia, maji yakanyunyizwa, karatasi za sadaka zikachomwa, na pakiti mpya ya kijani ikawekwa. Siku tisa mashine ya saba ilifanya kazi bila kukohoa. Bisi zilibaki nyeupe. Tseng alitamba kwamba amepata dawa.

Siku ya kumi Bi Fan aliitwa kutia saini ya mwisho kwamba mashine imepona. Saa nane na dakika kumi Lo alikuja na kibanio chake cha kuokotea vipande, anatania, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

"Umeona, dada? Siku hizi ina adabu kuliko watoto wangu."

Bi Fan angeweza kusema neno moja. Lakini neno lile lilikuwa na maswali nyuma yake, Tseng yupo pale na kalamu, na yeye akawaza, labda leo tena mkono utakuwa umelala, kama siku zile tisa. Lo akafungua mlango. Taa ikawa nyekundu. Akaingiza mkono wake wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Nyuma ya kioo mkono wa chuma ulikuwa bado unakuja.

Bi Fan aligeukia kitufe. Kilikuwa hatua nne, na hakikuwa kinazama. "A-sheng," alisema, "rudi. Tafadhali, rudi." Akavuta hewa kwa nguvu akiitafuta ile harufu ya tambuu.

Hapakunuka kitu. Hewa ilikuwa safi, na Lo alikuwa ameanza kupiga kelele.