Ukuta wa Krimu na Ukuta wa Buluu

Rangi ya buluu ilikauka siku ile ile. Ya krimu ilikataa katakata. Siku ya tatu ukiigusa bado inanata vidoleni, na chumba ni kimoja, brashi moja, mkono ule ule wa Gibson. Makubwa haya!

Ilikuwa kijijini Boito, mwaka wa tisini na sita. Celine, mke wa Gibson, alitaka krimu ili chumba cha mtoto wao wa kwanza king'ae. Gibson alipenda buluu. Basi Gibson akapaka ukuta mmoja krimu na mwingine buluu, walinganishe. Na kwa haraka zao, kesho yake wakamwita Kogo Tecla, nyanyake Gibson, amtafutie mtoto jina humo humo, harufu ya tapentaini ya rangi bado inawasha pua.

Hapo ndipo walipokosea, jamani. Kogo hutaja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya, huyo aliyetajwa ndiye aliyerudi. Alipomtaja Tapkigen, kwa kupitia tu, mtoto akapiga chafya.

"Ni rangi," Celine alinong'ona. "Kogo, ni hii rangi tu."

"Nyamaza. Ameshasikia."

Tapkigen alizika watoto wake watano, akafa akitafuta wa sita.

Tangu hapo mtoto alikataa titi. Ukuta wa krimu ukaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Mtoto akisogezwa karibu nao analia mpaka pumzi zinakatika, akigeuziwa buluu ananyamaza na kuutazama ukuta kana kwamba anaongeleshwa. Wakamtoa nje, kando ya shamba la majani chai, Kogo akataja majina yote upya, hata ya upande wa mama, ugoro ukiwekwa puani mwa mtoto, naye hakupiga chafya hata moja, midomo imepasuka, siku ya nne sasa bila tone, na mle ndani ya chumba kitupu wote wakasikia brashi ikipita ukutani, polepole, juu, chini, juu, chini.

"Anataka nini kwetu?" Gibson aliuliza.

Celine aliingia, akachukua mkebe wa buluu, akapaka juu ya krimu yake mwenyewe huku akilia kwa sauti, mpaka kona ya mwisho. Kisha akaketi sakafuni, akampakata mtoto, akafungua blauzi.

"Tapkigen," akaita. "Njoo unyonye."

Mtoto akanyonya.