Jaketi la Msumari wa Mwisho

Aliyenisimulia mkasa huu ni dobi wetu, mama mmoja anayefulia nusu ya mtaa. Ulimkuta mwenyewe. Kwa kawaida hunikabidhi furushi langu la nguo mlangoni akaenda zake. Jana jioni aliingia nalo, akaketi. Nami, kwa kuwa si msemaji, nilimwacha aseme.

Ilikuwa siku ya kawaida tu. Dobi alikuwa anaanika, wifi yake akaingia uani bila hata kubisha hodi. Wifi huyo, dada wa mumewe, alifanya kazi kwenye gati la burudani kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kupokea majaketi ya kuelea kwa watu wanaoshuka kwenye boti, kuyakausha na kuyatundika.

"Wifi, kwa maji hayo utaota magamba," alimtania. "Jioni mlete mtoto gatini. Nimeshawaombea boti."

"Tangu lini wewe ukanikumbuka?"

"Tangu leo. Au hutaki?"

Binti wa dobi, wa miaka mitano, alikuwa ameshasikia na anarukaruka. Dobi akakubali, ila moyoni alijiuliza. Wifi alikuwa amekonda. Miezi mitatu alikuwa akilalamika kwamba hapati usingizi, na kila asubuhi mlangoni pa chumba chake palikuwa na kidimbwi cha maji. Alisema bati linavuja. Mvua haikuwa imenyesha.

Jua lilikuwa halijazama walipofika. Gati lilichangamka kwa muziki, bembea la duara, harufu ya bisi, na watoto waliochuruzikwa na aiskrimu hadi viwikoni. Kibanda cha majaketi kilikuwa mwisho kabisa, juu ya maji. Ndani, majaketi yalitundikwa kwenye misumari, yote makavu. Msumari wa mwisho ulikuwa na jaketi moja dogo, rangi ya chungwa, lililogeuzwa ndani nje. Hilo lilikuwa linatona maji.

"Jichagulieni," wifi alisema, akawapa mgongo.

Sasa, dobi yeyote atakuambia kwamba nguo hufuliwa ikiwa imegeuzwa, na huanikwa ikiwa imegeuzwa, isije ikapauka. Maadamu bado imegeuzwa, kazi haijaisha. Dobi wetu huyu hawezi kuivumilia. Akikuta shati la mgeni limegeuka mkono mmoja, ataurudisha huku anaendelea kuzungumza. Kwa hiyo hakufikiri. Alilitwaa jaketi, akatia mkono ndani, akaligeuza kwa mkung'uto mmoja.

Upande wa nje ulikuwa mkavu kabisa. Na lilikuwa kipimo cha mwanawe hasa.

Alipokuwa akimfunga kamba, alisikia mtu akishusha pumzi nyuma yake. Wifi alikuwa anamtazama, uso umemlegea, kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Leo nitalala," wifi alinong'ona.

"Unasema?"

"Nasema wahini. Boti inawangoja."

Ilikuwa boti ya kukanyaga, yenye umbo la bata. Kaka mwenye filimbi, ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa vinavyotoka na vinavyorudi, alisema, "Wawili," akawasukuma majini.

Ziwa lilikuwa shwari. Hata hivyo boti ililala upande wa mtoto, na kukanyaga kukawa kuzito kama kusukuma gari lililokwama topeni. Mtoto akaanza kusogea kitini. Alizidi kumsogelea mama yake.

"Mbona unanibana?"

"Nampisha."

Dobi alicheka. Kisha akaangalia kiti, upande wa pili wa mtoto. Palikuwa pameloa. Pameloa mahali padogo, pa mtu mdogo.

Akageuza boti. Akakanyaga mpaka magoti yakawaka moto.

"Watatu," alisema mwenye filimbi walipofika.

"Tulitoka wawili, kaka."

"Wawili?" Aliangalia boti. Akamwangalia mtoto. Akaangalia kando ya mtoto. Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Haya, wawili. Nendeni, dada. Nendeni tu."

Kibandani wifi hakuwepo. Alikuwa ameondoka kabla ya zamu kwisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Dobi alimvua mwanawe jaketi, akalitupa sakafuni, wakatoka. Njia nzima mtoto alitembea ameunyosha mkono mmoja pembeni, vidole vimekunjwa, kama aliyemshika mwenzake.

Nyumbani, sakafu ya saruji ilibaki na alama za nyayo. Ndogo, za maji. Mtoto alikuwa amevaa ndala.

Alipomlaza, mtoto alisogea hadi ukutani.

"Anasema ahsante, mama."

"Nani?"

"Uliyemgeuza."

Asubuhi palikuwa na kidimbwi mlangoni. Na kwenye kamba, katikati ya nguo za wateja, ilining'inia fulana ndogo isiyo ya mteja yeyote. Imegeuzwa ndani nje. Inatona.

Dobi alikwenda mbio kwa wifi. Sakafu ya huko ilikuwa kavu. Wifi alikuwa bado amelala, na jua lilishapanda.

"Ulijua!" dobi alimwambia. "Uliijua tabia ya mkono wangu!"

"Sikukuambia uligeuze jaketi, wifi." Alisema hivyo macho yamefumba. "Yeye humfuata aliyemgeuza. Mimi pia sikuambiwa." Kisha akajifunika shuka.

Hayo yalikuwa siku kumi zilizopita. Fulana haikukauka, naye hakuthubutu kuigeuza. Bintiye hali chakula. Kucha zake zimekuwa za buluu.

"Mwanangu ananiishia," dobi aliniambia, akifuta macho kwa kitenge. Kisha akatupa jicho nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha mtoto wangu. "Wako ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Anajua kukunja nguo?"

"Anajifunza," nilimjibu, na nakiri nilijisikia fahari kidogo. "Hata kuzigeuza anajua."

Dobi aliinuka. Mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Nisamehe, mama," alisema. Halafu kwa sauti ya chini kabisa, kama anayejisemea, "Leo nitalala."

Ningemwita. Ningemwambia, chukua furushi hili. Lakini mimi ni mtu wa haya. Nilichoweza ni kulitoa furushi nje bila kulifungua na kulifunika kwa beseni. Nikafunga mlango kwa komeo, nikaazimia kumrudishia kukipambazuka.

Asubuhi ya leo nilikuta komeo liko vilevile, na beseni liko vilevile. Chini ya beseni hapakuwa na kitu.

Nilikimbilia kitandani. Mwanangu alikuwa macho, amejibana ukutani, nusu ya kitanda ameiacha wazi. Nguo zangu zote zilikuwa miguuni pake, zimekunjwa. Juu ya nguo hizo palikuwa na fulana ndogo nisiyoijua, imerudishwa upande wake sawasawa.

"Nimekusaidia, mama," aliniambia.

Nilimbeba hivyohivyo, sikuvaa hata viatu. Nilikwenda kwa dobi, nikabisha. Nikabisha tena. Uani binti yake alikuwa anakula mkate na kuimba. Ndani, mtu alikuwa anakoroma.

Nilisimama pale mpaka jua likanipiga usoni. Mwanangu nilikuwa nimembeba bega la kulia. Bega langu la kushoto ndilo lililokuwa limeloa.