Aliyeishia Getini Butiama

"Mheshimiwa Mhandisi, tunaomba jina la mkeo."

"Sina mke, madam."

"La mchumba, basi."

"Naye sina."

"Sasa nani atakuvisha kitenge?"

Mhandisi Leodgar Burito, mtu anayeunda boti za mizigo pale Mwanza na kuzifanya zielee, alisimama katikati ya karakana yake, simu sikioni. Aliyempigia alikuwa Madam Matrida, mkuu wa Shule ya Sekondari Kabasori, Bunda. Shule hiyo ni ya serikali, mabweni yake yanavuja, na kwa sababu ambazo hakuna mtaalamu ameweza kuzieleza, inatoa watu.

Kila mwaka shule inawaita wahitimu wake waliofika mbali, inawapandisha jukwaani na kuwatunuku. Na kila anayetunukiwa huvishwa kitenge na mtu wa nyumbani kwake. Utaratibu huo haujavunjwa hata mwaka ule turubai lilipoangukia mgeni rasmi.

"Nivishwe na shule yenyewe, madam," Leodgar alisema. "Ndiyo iliyonilishaga makande."

"Basi nitakuvisha mimi. Ila mimi ni mfupi. Utainama."

"Nitainama." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya anauliza hali ya hewa: "Na Dokta Ghati Mwikwabe? Atavishwa na nani?"

"Huyo hana shida kama wewe. Anakuja na mtu wa nyumbani kwake. Tena tumshukuru Mungu tumempata, maana Jumatatu anaripoti Songea. Amehamishwa kutoka Musoma, na mwenyewe ndiye aliyeomba. Haloo? Mhandisi? Haloo?"

Mhandisi alikuwepo. Alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi, na ndoo haikuwa na mfuniko.

Tunaomba ieleweke vizuri jambo lenyewe. Leodgar alimpenda Ghati tangu kidato cha tano, pale pale Kabasori, yeye akiwa kijana wa Murangi anayenuka ziwa na Ghati akiwa binti wa Butiama anayeshika namba moja bila kujisifu, jambo lililowaudhi wengi. Walipendana shuleni, wakapendana vyuoni, wakapendana kwa simu, kwa meseji na kwa mabasi. Halafu, miaka saba iliyopita, Ghati alimwandikia:

"Jumamosi njoo nyumbani. Kuna shughuli. Mama anataka kukuona. Mengine nitakuambia ukifika."

Leodgar alinunua shati. Akabeba kapu la sato, maana mtu wa ziwani haendi ukweni mikono mitupu. Bodaboda ikamfikisha Butiama hadi kwenye geti la miti la kina Ghati. Akaona turubai, akaona wazee wenye fimbo, akaona ng'ombe wakikaguliwa. Na katikati ya shangazi wanaocheza akamwona Ghati, amepakwa mafuta, amejifunga vitenge vipya, anang'aa.

"Kuna nini hapa?" alimuuliza mzee aliyesimama getini.

"Harusi, mwanangu. Ng'ombe zinatoka leo, mke anakabidhiwa leo. Ingia ule."

Hakuingia. Kwao Murangi, binti akipambwa namna ile siku ya ng'ombe, anayeolewa ni yeye. Akampa bodaboda sato wote, akageuka, akabadilisha namba ya simu, na toka siku hiyo akawa anaunda boti kama mtu anayejenga safina.

Sasa alikuwa anakuja Kabasori ili amwone mara moja tu kabla ya Songea. Alijiambia kwamba hataki kingine. Alijidanganya vizuri sana.

*

Siku ya sherehe walikutana kwenye turubai la chai. Ghati alikuwa amenyoa nywele fupi, na miwani ilimkaa kama mtu aliyezaliwa nayo. Leodgar alishika chapati kwa mkono wa kulia, halafu akakumbuka kwamba huo ndio mkono wa kusalimia.

"Habari za siku nyingi, Ghati."

"Nzuri. Za Mwanza?"

"Nzuri. Umependeza."

"Asante. Na wewe umenenepa."

"Ni shati."

Ghati karibu acheke. Karibu tu. Leodgar aliuona mdomo ule ukijizuia, na moyo wake ukafanya kitu ambacho walimu wa baiolojia hawajakifundisha.

"Nimesikia unahamia Songea."

"Ndiyo."

"Ni mbali."

"Ndiyo maana nimeomba."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Leodgar alikuwa na akili ya boti.

"Na shemeji hajambo?" alisema. "Naye anahamia huko?"

"Shemeji gani?"

"Si huyo uliyekuja naye. Wa ile harusi ya Butiama."

Uso wa Ghati ulifungwa kama duka.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "nilikuwaga nasema labda ulipata dharura, labda uliugua. Kumbe bado unatucheka."

"Nacheka nini?"

"Nyumba ya mama yangu. Mzee wa getini aliniambia ulifika, ukaangalia, ukageuka. Ukaona watu wa ajabu, si ndiyo? Ukaona aibu kuoa kwetu. Sawa, Leodgar. Kunywa chai yako."

"Ghati, subiri. Sielewi."

"Hukutaka kuelewa ukiwa umesimama pale, uelewe leo kwenye chapati?"

Akaondoka. Leodgar alibaki na chai iliyokuwa inapoa na sentensi ambayo haikuwa inaingia kichwani kwa upande wowote. Aibu ya kuoa kwao? Si alikuwa ameshaolewa?

*

Kwenye jukwaa mshereheshaji alikuwa Mwalimu Gody, mtu anayeamini kwamba kipaza sauti kikizimika na yeye anakufa.

"Na sasaaa! Mtoto wa Murangi! Muunda boti! Mhandisi Leodgaaar Burito!"

Leodgar akapanda, akainama. Madam Matrida alimzungushia kitenge kwa nguvu, akakifunga begani fundo la kufungia mbuzi. Shule ikapiga makofi. Kuna sauti kutoka upande wa kidato cha sita ikauliza, "Mkewe yuko wapi?" na ingawa mwalimu wa nidhamu aligeuka haraka, mhusika hajapatikana hadi leo.

"Na sasaaa!" Gody aliendelea. "Binti wa Butiama! Daktari bingwa wa mifupa! Ukivunjika, mtafute! Dokta Ghatiii Mwikwabe! Na mtu wa nyumbani kwake aje amvishe!"

Leodgar aliangalia chini. Hakutaka kumwona huyo mwanaume. Aliangalia viatu vyake, akaangalia chupa yake ya soda. Halafu akasikia sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti.

"Shikamooni wazee. Naitwa Recho. Mimi ni mke wa nyumba ya mama yake Ghati."

Wageni wengine wakanong'ona. Wachache wakacheka. Recho, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza nyanya sokoni, akawasubiri wamalize.

"Mnaocheka, chekeni mmalize, nitawangoja. Tayari? Haya. Mama yetu alijaliwa mabinti watupu. Kwa desturi ya kwetu, nyumba isiyo na mtoto wa kiume, mama wa nyumba hiyo anaweza kuoa mke. Watoto nitakaowazaa ni wa nyumba yake, wanabeba jina lake, wanalinda boma lake. Mimi nilikuwa mjane, nafukuzwa kwa marehemu mume wangu na mtoto mgongoni. Mama akanitolea ng'ombe kwa heshima zote. Na nawaambieni, hakuna mume kama yeye. Hanywi, hapigi, na nikichelewa sokoni ananiwekea ugali."

Sasa walicheka wote, lakini kicheko kilikuwa kimehama upande.

"Ng'ombe hao aliwanunua huyu Ghati, kwa mishahara yake ya kwanza. Siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyenishika mkono akaniingiza ndani. Alipambwa kuliko mimi, hadi nikaona wivu. Kwa hiyo leo mkono wangu ndio unaomvisha."

Soda ya Leodgar ilianguka. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama, kitenge chake kimefungwa fundo la mbuzi, katikati ya safu ya wageni waheshimiwa.

"Harusi yako?" alisema kwa nguvu. "Ile ilikuwa harusi yako?"

"Mhandisi," Gody alisema, "maswali mwishoni, tuna ratiba."

"Nyamaza, mwalimu," Recho alimwambia. Akamtazama Leodgar. "Ilikuwa yangu. Kwani ulidhani ya nani?"

Leodgar alikuwa anamwangalia Ghati, na Ghati alikuwa ameshaelewa. Unaona mtu akielewa. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kisha akashuka ngazi za nyuma za jukwaa, haraka, kitenge alichotupiwa begani na Recho kinaburuzika.

*

Leodgar alimkuta nyuma ya maabara ya kemia, karibu na tangi la maji. Ghati alikuwa amempa mgongo.

"Ulidhani nimeolewa," alisema bila kugeuka.

"Ulipambwa. Ng'ombe walikuwepo. Mzee akasema mke anakabidhiwa."

"Na hukuuliza mke ni nani."

"Sikuweza, Ghati. Miguu ilishageuka."

"Mimi nilikuwa ndani nimekuwekea kiti karibu na mama. Kila pikipiki ikilia natoka. Shangazi wakaanza kunitania, wanasema bibi harusi ametulia, msindikizaji ndiye anakimbiakimbia. Nikakupigia. Hupatikani. Nikakupigia kesho yake, na wiki ile, na mwezi ule. Nikimaliza zamu ya usiku wodini napiga tu hiyo namba nisikie yule mama wa mtandao akisema haipatikani. Nilimzoea hadi nikawa nataka kumsalimia."

Leodgar alicheka na kulia kwa pamoja, jambo lisilopendeza kwa mwanaume aliyevaa kitenge cha maua.

"Kwa nini hukuniambia mapema ni shughuli gani?"

"Nilikuwa naogopa." Akageuka. "Unakumbuka hapa shuleni walivyokuwaga wanatania mila zetu? Na wewe ulikuwa unacheka nao. Nikasema, akija akamwona mama, akamwona Recho, akala nasi, ataelewa. Nilitaka uone kwanza ndiyo usikie. Halafu ukaona, ukaondoka."

"Nilicheka, ni kweli. Nilikuwa mjinga wa kidato cha tano."

"Mjinga wa kidato cha tano nilimsamehe. Huyu wa getini ndiye aliyenitesa."

"Kila boti niliyounda niliwaza ungeipa jina gani."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza mke wa mtu?"

Ghati akafunga macho. Huko mbele Gody alikuwa anawatangazia watu kwamba ratiba imepata hitilafu ndogo ya kibinadamu.

"Nimeomba Songea," Ghati alisema, "kwa sababu nikiwa Musoma, kila jioni naliona ziwa. Nikiliona nakuona. Nilichoka, Leo."

Leo. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Leodgar alimsogelea, hatua fupi, kama mtu anayekanyaga boti asiyoijua.

"Ghati, umeolewa?"

"Hapana."

"Una mtu?"

"Hapana."

"Unanitaka?"

"Hilo ndilo swali gumu," Ghati alisema, machozi yakimfika kidevuni. "Nakutaka tangu makande. Lakini sitaki mtu anayesoma maisha yangu kwa mbali halafu anatoa majibu. Songea nitaenda, kuna wagonjwa wananisubiri. Ukinitaka utakuja huko. Na ukisikia jambo lolote juu yangu utaniuliza mimi."

"Nitakuja. Kwani Ruvuma hawana ziwa? Watu wa Nyasa hawapandi boti?"

"Usinichekeshe, bado nimekasirika."

"Sawa, kasirika. Nasubiri."

"Kwanza kuna mtu wa kuonana naye."

*

Mama yake Ghati alikuwa ameketi chini ya turubai la wazazi, amenyooka kama mlingoti wa bendera. Recho alikuwa pembeni yake akimpepea kwa ratiba ya sherehe. Leodgar akafika, akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wahitimu, walimu, mgeni rasmi na mikondo yote ya kidato cha kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Leodgar Burito, wa Murangi."

Mama alimwangalia muda mrefu.

"Ndiyo wewe. Nilikuwa naambiwa habari zako hata wakati wa kuosha sahani. Halafu ghafla nyumba ikawa kimya. Binti yangu akawa anarudi likizo, anakaa uani, anaangalia njia. Unajua mzazi anavyojisikia akimwona mtoto anaangalia njia?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Sasa nijibu. Mimi ni mwanamke mwenye mke. Watu wakikuuliza, utasemaje?"

"Nitasema nina mama wakwe wawili, na wote wananitisha."

Recho akaachia kicheko. Mama hakucheka.

"Mwanangu anaenda Songea."

"Najua, mama. Na mimi naenda Murangi leo hii kuwaambia wazee wangu. Kama utaturuhusu tuje kwako Butiama, tutakuja kabla mwezi haujaisha."

"Mtakuja na nani?"

"Baba, baba mdogo na shangazi."

"Shangazi ana maneno?"

"Mengi sana, mama."

"Aje. Recho atapata saizi yake."

Leodgar alibaki magotini, hajui kama hiyo ni ndiyo. Ghati alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifumbata. Wakati huo wapishi walifika na sinia la kwanza la pilau, lililokuwa linaelekea kwa mgeni rasmi kwa mujibu wa itifaki. Mama alinyoosha mkono, akalisimamisha. Akapakua sahani moja, akachagua mnofu, akamkabidhi Leodgar kwa mikono miwili.

"Inuka ule, baba," alisema. "Umechelewa sana."

Ghati akakaa chini palepale kwenye vumbi, daktari bingwa mzima, akaegemea bega la Leodgar kabla hajainuka, akalia kwa sauti. Mgeni rasmi, tumwombe radhi, alisubiri sinia la pili.