Wati Themanini

"Vuta, tukuone," Abang Zuki, yaani Kaka Zuki, alisema.

Ukumbi mzima ulikuwa umejaa moshi mtamu wa embe na mnanaa. Vijana wa Johor Bahru, mji unaopakana na Singapura, walikuwa wamekuja kushindana nani atatoa wingu kubwa kuliko mwenzake. Katikati yao alisimama Azwan, jasusi wa kikosi cha siri cha forodha. Saa ya Rolex aliyovaa ilikuwa ya kuazima. Jina nalo lilikuwa la kuazima: Encik Farouk, mnunuzi tajiri kutoka Kuching.

Mkononi alishika sigara ya umeme ya Zuki. Kioo chake kidogo kiliandika: omu 1.2. Wati 14.

Namba ya kwanza hakujua maana yake. Ya pili aliichukulia kama kasi ya pikipiki. Kubwa ndiyo ya wanaume.

Akabonyeza. Ishirini. Arobaini. Themanini.

Nyuma yake Swee Lan alikohoa kidogo. Onyo.

Swee Lan alikuwa na duka la sigara za umeme Taman Pelangi, na kwa siri alikuwa akikipa kikosi habari. Ndiye aliyemtambulisha Azwan kwa Zuki, mlanguzi wa sigara hizo. Juzi alikuwa amemwambia, "Pita dukani nikufundishe koili." Azwan akacheka. "Dada, mimi nimefundishwa kutegua mabomu. Huu moshi wa watoto ndio utanishinda?"

Akavuta.

Pamba ndani ya koili iliungua papo hapo. Koo likashika moto. Alikohoa mpaka akapiga magoti, machozi yakimchuruzika, kamasi nazo, mbele ya umati.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

Zuki hakucheka.

"Mtu anataka kununua katriji elfu kumi za sigara hizi, na omu hajui kuisoma?" aliuliza taratibu. "Swee Lan, umeniletea nani?"

Swee Lan alimchapa Azwan kofi la kisogoni. "Zuzu wewe! Si nilikwambia usiguse?" Kisha akamgeukia Zuki. "Kaka, ni mtoto wa tajiri wa mbao. Pesa za baba, kichwani hamna kitu. Msamehe."

"Labda ni zuzu. Labda ni askari." Zuki alimshika Swee Lan kiwiko. "Wewe ulimdhamini, wewe utakaa na mimi mpaka mzigo uvuke mpaka. Yeye aende akanywe maji."

Wanaume wawili walimwongoza Swee Lan hadi kwenye Hiace nyeupe. Hakugeuka nyuma.

Azwan alibaki pale chini. Kiunoni alikuwa na bastola ya Walther, na hakuweza hata kuinua uso.

Dakika chache baadaye Yamaha yake ilikuwa inaunguruma kwenye barabara ya Pasir Gudang, Hiace ikiwa mbele, magari kadhaa katikati yao.

Simu ndani ya helmeti ililia.

"Tai, ripoti." Sauti ya Puan Normala, mwanamama aliyekuwa mkuu wake.

"Zuki ameshtuka, Puan. Amemchukua Swee Lan. Kifaa kilikuwa na hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Betri."

"Basi amekupa kibovu makusudi. Anajua wewe ni nani. Natuma makomando wavunje ghala lake la Pasir Gudang sasa hivi."

Azwan alibana breki kidogo.

Makomando. Milango inaruka. Risasi. Na Swee Lan katikati.

"Puan, subiri."

"Nini tena?"

"Betri ilikuwa nzima." Uso ulimwaka ndani ya helmeti. "Mbovu ni mimi. Niliweka wati themanini kwenye koili ya wati kumi na nne. Swee Lan alitaka kunifundisha, nikamdharau. Zuki hajui lolote. Anahisi tu. Wenzake wote wanaamini mimi ni zuzu."

"Ulinidanganya, Azwan." Aliliacha jina la kazi. Hakupandisha sauti, na Azwan alitamani angepandisha.

"Ndiyo, Puan."

"Hilo tutakaa tuliongee. Kwa hiyo wanakuona zuzu?"

"Zuzu kabisa."

"Basi ingia hivyo hivyo. Kuna malori matatu mle. Mawili ni chambo. Moja limebeba katriji zenye dawa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji, vijana wa Singapura wavute waanguke barabarani. Maboksi yanafanana yote. Nina watu wa kuzuia lori moja tu. Niambie ni lipi."

Ghalani wapakiaji walikuwa wanakula nasi lemak, wali wa nazi, wameketi juu ya maboksi. Swee Lan alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mwanamume mwenye parang, panga zito, kasimama kando yake.

"Ohoo! Mgonjwa wa kifua huyo!" mpakiaji mmoja alipiga kelele. "Umekuja kumalizia kukohoa?"

Azwan alikwenda moja kwa moja kwa Zuki, akainamisha kichwa.

"Abang, nimeaibika, ndiyo maana nimeifuata Hiace yenu. Baba akisikia, biashara anampa mdogo wangu. Nifundishe, kaka. Nakuomba mbele ya watu wako."

Alikuwa amepanga kuigiza. Lakini sauti ilipasuka yenyewe, na macho yakaloa yenyewe.

Zuki alimkagua juu mpaka chini. Kisha akatabasamu. Alikuwa bingwa wa mawingu mara tatu, na bingwa hanyimi watazamaji.

"Haya, sikiliza, mtoto wa mbao. Koili ni waya. Omu ni ukinzani wake, yaani huo waya unaubania umeme kiasi gani. Ukinzani ukiwa mdogo, waya ni mnene, umeme unapita kwa wingi. Huo upe wati nyingi, upate joto. Ukinzani ukiwa mkubwa, waya mwembamba. Huo unaupa wati chache. Ukiulazimisha, unakuwa wewe."

Wapakiaji walicheka mpaka wali ukawatoka mdomoni.

"Kwa hiyo namba ya omu nasoma kwanza, ndiyo niguse wati?"

"Naam! Kumbe ubongo upo!"

"Nijaribu?"

Alichukua katriji moja, yenye koili yake ndani, kutoka lori jekundu, akaichomeka kwenye kifaa cha Zuki. Boksi lilisema 0.6. Kioo kikasema 0.6. Akavuta kidogo, akakohoa kwa makusudi. Wakacheka. Lori jeupe: 0.6. Wakacheka tena, kwa uvivu sasa.

Lori la bluu. Boksi lilisema 0.6.

Kioo kikasema 1.1.

Waya mwembamba, wati chache, moshi wa baridi usiounguza dawa. Swee Lan alikuwa anamtazama. Naye alikuwa ameelewa.

Azwan aliinua mkono kama anayejikuna kidevu, saa ya Rolex ikawa karibu na mdomo wake. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kilichokuwa kinamrushia Puan Normala kila neno.

"Kaka," aliuliza kwa adabu ya mwanafunzi, "hii ya lori la bluu ina ukinzani mkubwa kuliko zile. Niipe wati ngapi?"

Tabasamu la Zuki lilikauka.

"Umejifunza haraka sana," alisema.

Parang ilipanda.

Walther ilikuwa tayari nje.

Pa!

Parang ilianguka, mwenyewe akishika bega. Swee Lan alikuwa keshajitupa sakafuni. Lori la bluu lilinguruma, likapita getini kwa kasi, na huko nje likakanyaga misumari ya watu wa Normala. Matairi yakapasuka moja baada ya jingine.

"Forodha! Wote chini!" watu hao walifoka wakiingia.

Zuki alilala kifudifudi, shavu kwenye saruji. "Nani alikufundisha?" alinong'ona.

"Wewe," Azwan alijibu, akamfunga pingu.

Puan Normala alikuja mwenyewe. Alimpa Azwan mkono upesi, bila tabasamu, akapita.

Azwan alimfuata Swee Lan, aliyekuwa anajipangusa vumbi magotini.

"Dada, nisamehe."

"Kesho nafunga duka," Swee Lan alisema. "Watu wa Zuki wako wengi nje kuliko hawa waliokamatwa. Nitaenda Ipoh kwa shangazi, nianze upya. Wateja wangu hata sijui nitawaambia nini."

"Naweza kuja kukusaidia kufunga mizigo."

"Usije." Alisema bila hasira. "Ukionekana pale, ndiyo basi tena."

Azwan aliondoka ghalani peke yake, amevaa miwani ya Ray-Ban, mikono mfukoni, hatua za taratibu. Makuruta wawili wa forodha getini walimsindikiza kwa macho.

"Mcheki yule," mmoja alisema. "Katoka kwenye risasi saa hii hii, na wala hana habari."

"Ndiyo majasusi walivyo, bwana," mwenzake akajibu.

Azwan aliwasikia. Akaisukuma miwani juu ya pua, akaongeza mwendo kabla machozi hayajafika shavuni.