Maiki ya Mlangoni

Jumamosi asubuhi, katikati ya soko la Ōtara, Falaniko alikanyagwa kidole gumba na msichana aliyebeba boksi la nyaya.

“Uwii! Dada, macho umeyaacha nyumbani?”

“Na wewe viatu umeviacha wapi? Mvua yote hii unakuja na kandambili!”

Alivaa puletasi nyekundu ya maua meupe, lile gauni la visiwani, pindo limelowa matope, na nywele kazibana juu kwa kalamu. Aliitwa Lusila. Nyuma yake, kati ya meza ya magimbi na meza ya mikate ya tui, zilisimama ngoma za umeme za kaka yake, zinauzwa. Kaka alikuwa ameoa, na mke hakutaka kelele.

“Hizi ni ngoma au sahani za mpira?” Falaniko aliuliza, japo alizijua fika. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya, na nyumbani alifanyia mazoezi kwenye mapaja yake mwenyewe.

“Piga, uone.”

Akapiga. Pa, pa, pa, mpira mtupu. Lusila akamvika hedifoni bila hata kumwomba ruhusa, na hapo Falaniko akasikia radi. Akafumba macho, akapiga mpaka akasahau yuko sokoni. Alipofumbua, watu wamejaa na msichana anakufa kwa kicheko.

“Kichwa chako hicho! Kinapanda na kushuka kama cha kuku anayekula.”

“Niuzie.”

“Nakuuzia, na bei nakupunguzia. Lakini nitakuja kuangalia kama unazitunza.”

Alikuja kweli. Alikuja Jumamosi ile ile, akaja iliyofuata, na baada ya hapo hakuna aliyejifanya tena kwamba anakuja kuangalia ngoma.

Falaniko aliishi Māngere na mama yake, Sefina, kwenye nyumba yenye gereji ambayo haijawahi kuona gari. Kuta za gereji alizifunika kwa magodoro ya zamani na mikeka ya mama, hapo ndipo alipopigia. Figo za Sefina zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki mwanawe alimpeleka hospitali, mashine ikamsafisha damu, akarudi hoi. Kwa hiyo Falaniko alivaa hedifoni sikio moja tu, la kushoto. La kulia aliliacha wazi ili mama akiita asikie.

“Hilo la kulia ni la mama,” Lusila alitania. “La kwangu liko wapi?”

“Wewe chukua roho, masikio niachie.”

“Mwongo mkubwa!” Akampangusa tui kidevuni kwa kidole, akalilamba.

Jioni walipigiana simu kama watu wasioonana mwaka mzima, Lusi na Niko, kama walivyofupishana majina.

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Umenikumbuka?”

“Lusi, tumeachana saa moja iliyopita!”

“Mimi nimeuliza, umenikumbuka?”

“Nimekukumbuka mpaka mama ananiuliza naumwa nini.”

Kwaya ikataka ngoma zirekodiwe kwa ajili ya Jumapili ya watoto. Falaniko akachomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikatoka sauti safi isiyo na uhai.

“Kama mtu anapiga akiwa ndani ya friji,” Lusila akasema. “Zipitishe kwenye amplifaya, zisikike chumbani. Halafu weka maiki mbele ya spika.”

Hakuishia hapo. Akachukua maiki ya pili, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango.

“Hiyo ya nini?”

“Ya nyumba. Nataka isikike kwamba humu wanaishi watu.”

Sasa wakati huo huo shangazi yake Lusila, aliyeko Brisbane, ng’ambo ya bahari, alikuwa amemtafutia kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mkataba wa miaka miwili, tiketi tayari. Falaniko alizisikia habari hizo kanisani kwa watu, akanyamaza. Angesema nini? Amwambie mtoto wa watu aache kazi, akae naye kwenye gereji, wamuuguze mama? Alimpenda mno, na kupenda kwenyewe kukamfunga mdomo. Akasubiri Lusila aanze. Lusila naye, jamani, akasubiri yeye aanze!

Alhamisi moja alasiri dada yake Sefina, aliyepitia mjini siku hiyo tu, alikuja kukaa na mgonjwa. Kwa mara ya kwanza Falaniko akafunika masikio yote mawili. Akawasha maiki, akaacha mlio wa kuhesabia mapigo umjae kichwani, akafumba macho, akapiga wimbo mzima bila kukosea hata pigo moja.

Alipomaliza alikuta kwenye kizingiti sahani ya mikate ya tui imefunikwa kitambaa. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Lusila: “Nimekuelewa. Asante kwa kuwa mkweli.”

Mkweli wa nini? Akapiga simu, ikakatwa. Akapiga tena na tena, kwao akaambiwa hayupo. Jumatatu, saa ambayo ndege ya Lusila iliondoka, yeye alikuwa hospitali, amekaa kando ya mama kashika mkoba wake, hawezi kunyanyuka.

“Mfuate,” Sefina alisema, amefumba macho.

“Nikuache na nani?”

Mama akageuzia uso mashine.

Wiki mbili hakugusa ngoma. Alikuwa na hasira: mtu anakuachia sahani ya mikate badala ya kwaheri! Lakini mwalimu wa kwaya alimsumbua sana, na Jumamosi mchana akafungua kompyuta. Akasikiliza sauti ya waya, kisha ya maiki ya spika. Mwisho akafungua ya mlangoni.

Ngoma zilisikika kwa mbali. Mbwa wa jirani akabweka. Mlango ukalia. Halafu ikaja sauti ya karibu kabisa, kama mtu kamwinamia.

“Niko, usiache kupiga. Ukinitazama sitaweza kusema. Wanataka nisaini. Mimi sitaki kwenda. Ukiniambia nikae, nakaa, hata humu gerejini nakaa. Niende?”

Ngoma.

“Niende kweli?”

Ngoma.

“Kwa hiyo niende tu?”

Ngoma. Kisha, taratibu, “Haya,” na mlango ukalia tena.

Falaniko akakumbuka kichwa chake, kinavyopanda na kushuka. Akakaa sakafuni.

Akachukua simu ya mama yake, maana ya kwake isingepokelewa.

“Mama? Umezidiwa?” Lusila alipokea kwa hofu.

“Ni mimi. Nakuomba usikate. Sikiliza tu.”

Akaisogeza simu kwenye spika. Sauti yake ikamrudia Lusila mwenyewe mpaka mwisho. Upande wa pili basi lilipita.

“Uliitikia kwa kichwa,” Lusila alisema. “Mara tatu. Nilihesabu.”

“Nilikuwa nafuata mapigo, Lusi. Nilifunika masikio yote mawili. Sikujua hata kama uliingia.”

“Upande wa mlangoni huwa naona la kushoto tu. Nilijua la mama liko wazi.” Akaanza kulia. “Nimesaini, Niko. Miaka miwili siwezi kurudi.”

“Na mimi siwezi kuja. Mama...”

“Najua. Usinieleze, najua.”

Wakakaa hivyo, kila mtu na simu sikioni, hakuna awezaye kumfuta mwenzake machozi.

“Basi nakuuliza tena,” Lusila alisema. “Utaningoja?”

Falaniko akashika simu kwa mikono miwili. Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena na tena, kwa nguvu zake zote, machozi yakimdondokea kwenye kandambili.

“Niko?” Lusila aliita. “Niko, mbona hunijibu?”

Sefina alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshika ukuta, anahema.

“Falaniko! Mtoto wa watu anakionaje hicho kichwa? Fungua mdomo!”

“Nitakungoja,” alisema, na sauti ikatoka kubwa mpaka mbwa wa jirani akabweka.

“Sema tena.”

“Nitakungoja.”

“Uliniitikia mara tatu, Niko. Imebaki moja.”