Sentimita Tatu za Kozue

Asubuhi za baridi Kozue huanza na sepetu. Theluji ya Kutchan, mji wao wa milimani huko Japani, haina adabu: unalala ukiiona barabara, unaamka gari limegeuka kichuguu, na mtu hatoki nyumbani mpaka azoe. Alikuwa katikati ya kuzoa baba yake aliporudi kazini, macho mekundu. Baba anaendesha mashine ya kushindilia theluji mlimani usiku kucha, ili watu wakiamka waikute miteremko imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Huko juu kukoje, baba?"

"Kwenye miti ni unga mtupu, unazama mpaka kiunoni. Kwenye njia zangu pagumu, safi kabisa. Siku ya kufaidi hii, na wewe unakwenda shuleni kwenye hesabu. Pole sana."

Akacheka, akakung'uta buti, akaingia ndani kutafuta supu yake.

Kozue alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: jaribio la klabu ya vijana wanaoteleza kwenye theluji kwa ubao. Anayepita anapewa pasi ya msimu mzima ya lifti, vile viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, bure. Asiyepita atabaki kule chini kwenye maegesho akiwatazama wenzake, maana tiketi za lifti siku hizi bei yake ni ya watalii. Jaribio lenyewe lina sehemu mbili. Kwanza unashuka katikati ya miti kwenye theluji laini, halafu unatokea kwenye njia ngumu na kuchonga kona, yaani unaulaza ubao ubavu mpaka makali yake ya chuma yanachora mstari mwembamba, bila kuserereka.

Ubao wake wa zamani ulikuwa umeshakuwa mdogo. Wa kununua mpya alikuwa na zile bahasha za hela za Mwaka Mpya kutoka kwa wajomba na mashangazi, basi. Hela ya ubao mmoja, tena wa mtumba.

Jumamosi akaenda kwenye duka la Mama Iwabuchi, mama mmoja mwenye miwani na aproni iliyojaa nta. Tatsumi akajipachika kwenye msafara. Huyu Tatsumi anasoma naye darasa moja, na mdomo wake hauna breki. Pale shuleni kila mtu huvua viatu mlangoni na kuviweka kwenye kabati, na viatu vya Kozue, kwa ukubwa wake, huwa vinachungulia nje. Kila wiki lazima Tatsumi apige kelele: "Jamani, nani kaegesha malori hapa?" Darasa zima linaangua kicheko. Kozue naye hucheka, lakini huko ndani kunamchoma.

"Karibu, binti," Mama Iwabuchi alisema. "Unatelezea wapi?"

"Kote, mama. Kwenye unga na kwenye njia ngumu."

"Wenye hela hununua mbili, kila moja na kazi yake. Wewe tutakutafutia mmoja unaojua zote. Pua pana, iliyoinuka kidogo, ili uelee kwenye unga. Mkia uwe mgumu kiasi, ukushike kwenye kona. Uzito wako?"

Kozue akasema uzito wake, bila wasiwasi.

"Na mguu? Buti umekuja nazo?"

"Zimebaki nyumbani."

"Basi niambie kipimo."

Tatsumi akageuka, masikio yamesimama. Kozue akamwona. Mguu wake ni sentimita ishirini na saba. Ishirini na saba!

"Ishirini na nne," alisema.

Mama Iwabuchi akamtazama kutoka juu hadi chini, binti mrefu vile. "Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Akaletewa ubao wa buluu wenye picha ya korongo mweupe puani, kiuno chembamba cha kutosha mguu mdogo, mzuri kupita kiasi. Kozue akamaliza bahasha zake zote.

Nyumbani akafunga vifungio vya kushikia buti mwenyewe kwa bisibisi ya baba. Akavaa buti, akasimama juu ya ubao. Vidole vikatokeza mbele, visigino vikatokeza nyuma. "Kidogo tu," akajiambia. Kidogo chenyewe kilikuwa upana wa vidole viwili kila upande.

Jumapili klabu ilikuwa na mazoezi ya jaribio, lifti ya siku hiyo imelipiwa, wakaingia kwenye miti. Lo! Ule ubao ulielea. Kozue akapita kati ya mibetula, ile miti ya magome meupe, theluji ikiruka mpaka mabegani, akapiga kelele za furaha kama mwehu. Kwenye unga hakuna kinachogusa mguu, uwe wa paka, uwe wa dubu. Akaona, si mambo hayo? Sentimita tatu ni nini bwana.

Kisha wakatokea kwenye njia ngumu.

Kona ya kwanza akalaza ubao. Ncha za buti zikakwaruza theluji, ubao ukanyanyuka, Kozue akaruka kifudifudi. Akainuka, akajaribu upande wa pili. Visigino vikakwama, akakaa chini kwa kishindo. Kila alipolaza, alitupwa. Mpaka anafika chini, ubao ulikuwa umechanwa tumboni na mwamba uliojificha pembeni, na mdomo wake umejaa theluji.

Wakaenda kula wali na mchuzi wa kari kwenye kibanda cha mapumziko. Mwalimu Hirose, kocha wao, alikuwa amekunja uso.

"Kozue, wewe si mtu wa kuanguka hivyo. Ubao huo umeupata wapi?"

"Kwa Mama Iwabuchi," Tatsumi alidakia. "Mimi nilikuwepo! Amemuuzia kimeo, mwalimu. Ndiyo duka gani lile?"

"Anauzia watoto vitu vya namna hii?" Mwalimu akatoa simu. "Hapana. Ngoja niwaandikie wazazi. Hakuna mtu wa klabu kununua tena pale."

Kozue alikuwa na kijiko mdomoni. Nusu ya wateja wa Mama Iwabuchi ni watoto wa klabu, kila mtu anajua. Kidole cha mwalimu kilikuwa kinatembea kwenye simu. Angenyamaza tu, aibu ingekuwa ya mtu mwingine. Tena pengine angerudishiwa hela yake yote.

Akasimama, kiti kikapiga kelele sakafuni.

"Mwalimu, usitume! Ubao si mbovu. Mama Iwabuchi aliniuliza kipimo cha mguu mara mbili, nikamdanganya. Mguu wangu ni ishirini na saba. Nilisema ishirini na nne."

Kidole cha mwalimu kikasimama.

"Ishirini na saba!" Tatsumi alisema. "Si nilisema ni malori?"

"Ndiyo, malori," Kozue alimjibu, uso unamwaka. "Na yanapita usipopita wewe. Kula wali wako."

Wenzao wakavunjika mbavu, na safari hii aliyetafuta pa kuficha uso alikuwa Tatsumi. Mwalimu Hirose akafuta alichoandika. "Nenda kwake mwenyewe," alisema. "Leo."

Akaenda na buti mkononi. Mama Iwabuchi akapokea moja, akaigeuza, akasoma soli, akaguna.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa naona haya."

"Mimi niliona urefu wako nikashangaa. Sasa, ubao huu umechanwa, siwezi kumuuzia mtu hivi. Utautengeneza wewe. Utaziba tumbo, utanoa makali, utapaka nta mpaka ung'ae. Ukimaliza tutabadilishana."

Wiki nzima baada ya shule Kozue alikuwa pale dukani, pua imejaa harufu ya nta, vidole vimepata malengelenge. Siku mbili za kwanza alikosea kunoa, akarudia yote. Ubao ulipong'aa, Mama Iwabuchi akatoa mwingine kutoka nyuma. Kiuno kipana, pua iliyoinuka, rangi kama ya kiazi kilichochemshwa, mabaki ya stika za mwenyewe wa kwanza bado yameganda. Kozue akapanda juu na buti zake. Vidole vilichungulia kidogo tu, inavyotakiwa.

"Sura hauna," Mama Iwabuchi alisema.

"Sitaki sura, mama. Nataka pasi."

Siku ya jaribio akapita kwenye miti kama mvuke. Akatokea kwenye njia ngumu, akalaza ubao, na hakutupwa. Akalaza upande wa pili. Mistari miwili myembamba, safi. Akaenda hivyo mpaka chini, akafunga breki mbele ya Mwalimu Hirose na kumrushia theluji. Mwalimu akajifuta uso, akampa pasi hapo hapo.

Baba alikuwa amekatisha usingizi wake aje kutazama. Walipokuwa wanarudi kwenye gari akawa anatazama ile mistari kule juu kwenye njia aliyoishindilia mwenyewe.

"Unajua kilichokutokea na ule wa korongo?" alisema. "Mtu anayekuuliza kipimo chako anataka kukusaidia. Wewe ukamtajia kipimo cha binti mwingine, naye akamsaidia huyo binti vizuri kabisa. Shida ni kwamba huyo binti hayupo. Mlimani ulikwenda wewe, ukaanguka wewe. Mwambie mtu ukweli wako, mwanangu, ndipo atakapoweza kukusaidia wewe."

Akafungua mlango wa gari, akapiga mwayo mrefu.

"Haya, ingia. Mimi nina usingizi, na wewe una msimu mzima."