Mkono wa Baba Yake Abeer

Kila Jumamosi asubuhi lori la maji hufika nyumbani kwa Khalaf, mtaa wa nyuma ya soko la Ibra, Oman. Dereva hupandisha bomba juu ya dari, na maji huanza kumiminika ndani ya tangi. Wakati huo Amna, mkewe Khalaf, huwa jikoni anakaanga mandazi. Bi Turkiya, mama yake Khalaf, hukaa ukumbini na kahawa yake, akimpigia dereva kelele asimwage maji ovyo. Dereva hamwagi maji, lakini Bi Turkiya humpigia kelele vile vile.

Kwa miezi saba sasa, lori likifika, Khalaf haonekani. Huingia chooni, hufunga mlango kwa ufunguo, na hufungulia redio ya simu kwa sauti kubwa. Hukaa humo mpaka lori liondoke. Akitoka, kanzu imelowa jasho mgongoni. Watu wa nyumbani wanaona, na hakuna anayesema neno.

Khalaf ana miaka arubaini na tisa. Ni mkuu wa sehemu katika ofisi moja ya serikali. Miezi minane nyuma alikuwa akirudi kutoka Al Qabil. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na wadi, bonde la mto mkavu, ilikuwa inajaa maji. Magari mengine yalisimama. Watu walimpigia honi asivuke. Khalaf aliona wanababaika bure, akavuka.

Katikati ya wadi gari lilizimika. Maji yakalisukuma mpaka likakwama kwenye jiwe kubwa. Khalaf akatoka dirishani, akapanda juu ya gari, akang'ang'ania. Alikaa hapo karibu nusu saa, mpaka waokoaji walipomtoa kwa kamba. Hakuvunjika hata kidole.

Lakini mtu mmoja ukingoni alikuwa akipiga video. Ndani ya video ile Khalaf anasikika akilia kwa Kiswahili, "Mama! Mama yangu!" Kufika jioni, video ilikuwa imeingia kila simu ya Ibra, na ya Sur, na ya Nizwa pia.

Masikini Khalaf, aibu yake ilikuwa mara mbili. Alivuka kwa ukaidi wake mwenyewe. Kisha akamlilia mama yake mbele ya watu, mtu mzima mwenye ndevu.

Baada ya wiki chache mwili ukaanza vituko. Akisikia maji yanamiminika, moyo ulimwenda mbio. Mikono ilitetemeka. Kifua kilibana, tumbo likamsokota. Shingo na mataya yalimuuma kila asubuhi. Alikwenda hospitali, akapimwa moyo na damu. Daktari akamwambia, "Alhamdulillah, moyo wako mzima." Khalaf akarudi nyumbani amenuna. Aliona kama ameambiwa ni mwongo.

Halafu likaja la kahawa. Wazee wa Laith, kijana wa Manah, walikuja kumposa Abeer, binti yake Khalaf. Khalaf mwenyewe alishika dele kuwamiminia wageni kahawa. Mkono ukatetemeka. Kahawa ikamwagika juu ya kanzu nyeupe ya baba yake Laith.

"Hakuna neno, hakuna neno," alisema baba yake Laith, akijipangusa.

Khalaf alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye baraza la wanaume. Harusini hakwenda, matangani hakwenda. Akiulizwa, alisema ana kazi.

Sasa milka ya Abeer, yaani siku ya kufunga ndoa, ilikuwa imebaki wiki nne. Siku hiyo baba hukaa mbele ya wanaume wote msikitini. Hushikana mkono na bwana harusi, na hutamka maneno ya kumwoza binti yake. Mikono ile miwili hutazamwa na kila mtu, na simu zote huelekezwa hapo.

Khalaf alimpigia simu ndugu yake, Hamoud.

"Nataka uwe wakili wangu," alisema. "Mwoze Abeer wewe."

"Na wewe una nini? Mgonjwa?"

"Mikono yangu, Hamoud."

"Loo! Mwanamme mzima hutetemeka kwa sababu ya maji? Jikaze, bwana. Lakini zen, sawa, ukitaka, nitakwenda mimi."

Abeer alikuwa mlangoni, amesikia yote ila maneno ya Hamoud. Ana miaka ishirini na minne, amesoma Nizwa, na Kiswahili chake ni cha kuokota kwa bibi yake.

"Baba, kwa nini ami Hamoud? Wewe uko hai!"

"Nina kazi siku hiyo."

"Milka ni Alhamisi jioni. Kazi gani?"

Khalaf aliingiza mikono yake mfukoni.

"Wewe humtaki Laith," alisema Abeer. "Au unaona haya na mimi. Mimi nataka mkono yako, Baba. Sitaki mkono ya ami Hamoud."

Akaenda chumbani kwake analia. Khalaf alibaki amesimama. Aliona haya kumwambia binti yake kwamba anaona haya.

Jumamosi iliyofuata, Bi Turkiya alimwita jirani yao, Thuraya, aje kunywa chai. Thuraya ni muuguzi. Kazi yake ni kuwasaidia watu waliopata ajali na misiba mikubwa warudi katika maisha yao. Walikuwa wamekaa na Amna, mandazi mezani, lori la maji likafika. Mara mlango wa choo ukafungwa, redio ikalia. Thuraya akasikiliza. Hakuuliza kitu mpaka lori lilipoondoka na Khalaf akatoka.

"Shikamoo, ami Khalaf."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, ami. Huingia humo kila lori likija?"

Khalaf alimtazama mama yake kwa hasira. "Mmeniitia mganga?"

"Kaa chini," alisema Bi Turkiya.

"Mama, mimi naona haya, niacheni—"

"Kaa, nikwambie haya yangu mimi."

Khalaf akakaa. Bi Turkiya akaweka finjani chini.

"Mwaka ule wa sitini na nne nalikuwa na miaka kumi na minne. Watu walikuja kwetu Unguja, wakagonga mlango kwa nguvu. Yaliyotokea baadaye siyasemi. Lakini tokea siku ile, mtu akigonga mlango kwa nguvu, mkojo hunitoka. Nimeolewa, nimezaa, nimekuja Oman, bado. Marehemu baba yako akinifulia kanga mwenyewe, ili nyinyi msijue. Zaidi ya miaka ishirini, Khalaf. Nalidhani ni mimi tu duniani."

Amna alijifunika uso kwa leso yake. Khalaf alimtazama mama yake kama hajapata kumwona.

"Na ile video nimeiona," aliendelea Bi Turkiya. "Uliniita. Ulitaka umwite nani, jirani?"

Thuraya akacheka kidogo, na Khalaf naye, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akacheka huku macho yamejaa machozi.

"Ami," alisema Thuraya, "ulipimwa moyo?"

"Mzima. Wamesema sina kitu."

"Wamesema moyo hauna ugonjwa. Hawakusema unasema uongo. Kutetemeka ni kweli, jasho ni kweli, tumbo ni kweli. Unaijua alamu ya gari? Mwizi akija, inalia. Sasa kuna gari nyingine, hata paka akiruka juu yake inalia. Gari haina ubaya. Alamu ndiyo imekuwa kali mno. Siku ya wadi mwili wako ulipiga alamu, na ulifanya vizuri, ndiyo maana ukapata nguvu ya kung'ang'ania. Wadi imepita, mwili bado haujajua."

"Sasa nitaizimaje?"

"Kuizima kwa amri huwezi. Ukipigana nayo, inazidi kulia. Utaifundisha pole pole."

Akamwambia akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, bila viatu. "Sikia ubaridi wa sakafu. Sasa vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka nne. Itoe kwa mdomo, hesabu mpaka sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu."

Khalaf alijaribu. Bi Turkiya naye alijaribu, akakohoa.

"Sasa tazama chumba. Nitajie vitu vitano unavyoviona."

"Mandazi," alisema Khalaf. "Pazia. Feni. Simu ya Amna. Mama."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Ibra."

"Mwambie mwili wako hivyo hivyo. Na shingo ikikaza, pandisha mabega mpaka masikioni, yakaze kidogo, kisha yaachie. Na kahawa, ami, unakunywa finjani ngapi?"

Khalaf alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Kahawa huuongezea moyo mbio na mikono mtetemo," alisema Thuraya. "Hukatazwi. Ukienda kwa watu, kunywa moja, tikisa finjani kwamba imetosha, basi. Mchana na usiku iache. Asubuhi tembea mashambani, mwili unataka kuchoka kwa jambo la kheri. Tena kifua kikibana vibaya, maumivu yakienda mkononi, au ukizimia, usikae ukihesabu pumzi. Nenda hospitali mara moja. Na nitakuandikia kwa daktari wa nafsi. Hao hawatibu wendawazimu tu, kama watu wanavyosema. Na ukiona huna hamu ya kuishi, mwambie mtu siku ile ile."

Khalaf aliinama. "Milka ni wiki tatu zijazo. Nitakuwa nimepona?"

Thuraya hakumdanganya. "Labda mikono itatetemeka bado. Lakini kila ukijificha chooni, mwili unaona kwamba kweli lori ni hatari. Toka kidogo kidogo. Jumamosi ijayo usifunge mlango kwa ufunguo. Ile ya pili, kaa ukumbini na Bibi."

Khalaf alianza. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alitembea katika mashamba ya mitende. Alifungua bomba la jikoni kidogo tu, akasimama mbali, nyayo chini, akatoa pumzi. Siku iliyofuata alisogea karibu. Amna alisimama naye, bila kusema maneno mengi. Jumamosi ya kwanza mlango wa choo haukufungwa.

Jumamosi ya pili alikaa ukumbini na mama yake. Bomba la lori lilipofyatuka kwa kishindo, Khalaf aliruka, akakimbilia chooni, akafunga kwa ufunguo. Alitoka anaona haya kuliko mwanzo.

"Basi, khalas, mimi sifai," alisema.

"Leo umekaa mpaka tangi limejaa nusu," alisema Amna. "Mwezi uliopita ulikuwa unakimbia lori likipiga honi tu pale kona."

Jioni ile Khalaf aligonga mlango wa Abeer, kwa kidole kimoja, taratibu. Akamwambia yote. Akamwambia kuhusu maji, kahawa, choo, na uongo wa kazi. Alimwonyesha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka hata pale.

"Laith nampenda," alisema. "Na wewe sikuonei haya hata siku moja. Nilijionea haya mimi. Niliogopa wakweo wanione, na simu zile, Abeer. Video ya pili."

Abeer alishika mikono yote miwili. "Itetemeke, Baba. Mimi nataka hii hii."

Siku ile ile Khalaf alimpigia Hamoud kumwambia kwamba atamwoza Abeer mwenyewe. Hamoud akasema, "Haya. Nitakaa kando yako."

Alhamisi ya milka msikiti ulijaa. Khalaf alikaa mkabala na Laith. Mfungishaji ndoa alisoma hotuba fupi, kisha akawaambia washikane mikono. Simu zikainuliwa. Nje mtu alikuwa akitia udhu, na maji ya bomba yakasikika yakimiminika.

Moyo wa Khalaf ukaanza mbio. Mkono ukatetemeka ndani ya mkono wa Laith, na kila mtu akaona. Mfungishaji alisubiri. Khalaf alihisi haya zinampanda usoni, moto. Alisikia zulia chini ya nyayo zake. Akatoa pumzi, sita. Akatazama: kofia ya Laith, saa ya ukutani, taa, mswaki katika mfuko wa mfungishaji, ndevu za Hamoud.

"Laith," alisema, na sauti ilisikika kwa watu wote. "Mkono wangu unatetemeka tangu niliponusurika wadini. Nautibu. Wewe nishike barabara."

"Hadhir, ami," alisema Laith, akamshika barabara.

Khalaf akatamka maneno yote ya kumwoza binti yake, kwa ukamilifu, neno kwa neno. Mkono ulitetemeka mpaka mwisho. Ndoa ikafungwa.

Mpaka leo lori la maji hufika kila Jumamosi. Siku nyingi Khalaf hukaa ukumbini. Siku nyingine huingia chumbani, na haoni haya kusema anakwenda kupumzika. Anaonana na daktari mara mbili kwa mwezi. Shingo haimuumi, na kahawa ni finjani moja asubuhi.

Lakini jambo ambalo Khalaf hulisimulia zaidi lilitokea nje ya msikiti, jioni ile ya milka. Watu walikuwa wanaondoka. Baba yake Laith alimvuta kando, nyuma ya magari, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba. Yeye ndiye ambaye Khalaf alimwogopa kuliko watu wote.

"Mwaka wa tano huu tangu ajali yangu ya gari," alisema kwa sauti ndogo. "Nikikaa kiti cha mbele mwili wote hulowa jasho. Watoto nawaambia napenda nyuma kwa sababu ya miguu. Sijamwambia mtu."

Kisha akauliza, "Ile pumzi uliyoitoa mle ndani. Unaifanyaje?"

Khalaf akavua viatu vyake.

"Vua na wewe," alisema. "Tunaanza na nyayo."